Uzi: Majina ya kisayansi ya miti yetu Tanga yanasomeka, tuache kuyameza

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wana Tanga popote mlipo, za masiku.

Mdogo wangu yuko kidato cha tano, anasoma baiolojia, na majina ya mimea anayameza mazima kama dawa ya minyoo. Rhizophora mucronata, Xylocarpus granatum, yote anayataja bila kusita, lakini muulize yanasema nini, kimya. Na hiyo miti kaiona tangu hajaanza shule. Tatizo si lake peke yake, wengi wetu tulipita njia hiyo hiyo. Hoja yangu ni moja: jina la kisayansi ni maelezo ya mmea kwa maneno mawili. Ukishika mizizi michache ya Kigiriki na Kilatini, husumbuki kukariri. Unasimama chini ya mti unalisoma.

Historia nitaipitia juu juu. Mtindo wa majina mawili uliwekwa na Msweden Carl Linnaeus kwenye kitabu chake cha mwaka 1753. Kabla yake jina la mmea lilikuwa sentensi nzima ya Kilatini, na kila msomi alikuwa na sentensi yake. Yeye akasema neno la kwanza litaje jenasi, yaani kundi la mimea iliyo ndugu wa karibu, la pili litaje spishi, yaani aina yenyewe, basi. Kilatini kilitumika kwa kuwa ndicho wasomi wa Ulaya walichoandikiana. Kigiriki nacho kilikuwemo tangu zamani, maana elimu ya mimea ya kale, kuanzia Theophrastus aliyekuwa mwanafunzi wa Aristotle, iliandikwa kwa Kigiriki. Ndiyo maana maneno mengi utakuta mzizi ni Mgiriki na mwisho wake umevikwa Kilatini.

Sasa twendeni baharini, maana huko ndiko majina yalikonyooka.

Mkoko, ule wenye mizizi iliyojipinda nje ya maji: Rhizophora mucronata. Rhiza ni mzizi, phoros ni mbebaji. Mbeba mizizi! Hata mtoto angeuita hivyo. Mucronata inatoka kwenye mucro, neno la Kilatini la ncha kali. Chukua jani la mkoko, pitisha kidole mpaka mwisho wake, utakuta kijincha kigumu kinachochoma. Aliyeandika jina alilishika jani kama unavyolishika wewe.

Msinzi ni Bruguiera gymnorrhiza. Mzizi umeuona tena? Gymnos ni uchi. Mzizi uchi. Mkandaa ni Ceriops: keras ni pembe, opsis ni mwonekano. Angalia ule mche wake unaoning'inia mtini kabla haujadondoka kwenye tope, ni kijipembe kabisa. Mkomafi ni Xylocarpus granatum: xylon ni mbao, karpos ni tunda, granatum ni komamanga. Tunda la mbao linalofanana na komamanga. Aliyewahi kuokota komafi lililopasuka akajaribu kuzirudisha zile mbegu zenye pembepembe zikae kama zilivyokuwa anajua kwa nini wakasema mbao.

Mchu ndio umekwepa mtindo huu. Wenyewe ni Avicennia marina. Marina ni wa baharini, hilo halina shida. Avicennia ni Ibn Sina, yule tabibu Mwislamu aliyezaliwa karne ya 10, ambaye Wazungu walimwita Avicenna. Kwa hiyo nguzo za mchu zilizojenga nyumba za bibi zetu zina jina la shehe wa tiba. Hii naipenda kuliko zote.

Tupande juu kidogo, huku kwetu Muheza. Mfenesi ni Artocarpus heterophyllus. Karpos ni lile tunda tulilokutana nalo kwenye mkomafi. Artos ni mkate. Tunda-mkate. Heteros ni tofauti, phyllon ni jani: mwenye majani yasiyofanana. Kata tawi la mfenesi mchanga utaona mengine yana mikato, ilhali mti mkubwa yake ni mazima. Sasa shikeni hiyo artos, kwa sababu inarudi kwenye mtapo, ule wa majani kama mnazi mfupi: Encephalartos. En ni ndani, kephale ni kichwa, artos mkate. Mkate ndani ya kichwa! Watu walikuwa wakitoa unga kwenye shina lake, na wenye kujua wanasema bila kuuandaa vizuri ni sumu. Msijaribu nyumbani.

Na mkonge, maana huwezi kuzungumza Tanga ukaukwepa. Agave sisalana. Agauos kwa Kigiriki ni tukufu, wa kustaajabisha. Sisalana ni wa Sisal, bandari ndogo huko Yucatán, Mexico, ambako nyuzi zilipakiwa melini. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893: miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, ikafika hai 62. Mashamba yote haya yalianzia hapo. Jina lenyewe ni la bandari tu, tena bandari ya watu.

Naomba kuwasilisha. Mwenye mti wake aulete tuuchambue.

Nguvumali Mjini

Nimekaa pale, kahawa mkononi. Endelea kushusha nondo mkuu.

Ticha wa Lushoto

Mleta uzi umeanza vizuri, niongeze kitu ambacho wanafunzi wangu huwa kinawafungua macho: ngeli.

Kilatini kina jinsia tatu za majina, kiume, kike na isiyo na jinsia, na sifa lazima ikubaliane na jina, kama sisi tunavyosema mti mrefu, tunda refu. Ndiyo maana mkarafuu, ambao jenasi yake ni Syzygium isiyo na jinsia, huenda na aromaticum yenye -um. Ukiandika aromatica umekosea upatanisho, sawa na kusema "kiti mzuri".

Sasa utamu uko hapa. Warumi waliihesabu miti kuwa ya kike, hata jina likiishia na -us lenye sura ya kiume. Mti wa tufaha kwao ni malus, wa kike, na tunda lake ni malum, lisilo na jinsia. Mti ngeli moja, tunda ngeli nyingine, mzizi mmoja. Mchungwa, chungwa. Mwembe, embe. Mswahili anayejua lugha yake hahitaji muda mrefu kuelewa hili, na nimeona Wazungu wakihangaika nalo.

Ushahidi ni mkwaju. Jina lake ni Tamarindus indica. Ukifuata sura ungetegemea indicus, lakini kwa kuwa ni mti, ukawa wa kike: indica.

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Ticha hapo umeua. Na kwenye mkwaju kuna kichekesho kingine. Tamarindus ni Kiarabu, tamr hindi, tende ya Uhindi, kilichopitishwa kwenye Kilatini. Kisha wakaongeza indica, wa Uhindi. Kwa hiyo mkwaju unaitwa Tende-ya-Uhindi wa Uhindi, na asili yake ni Afrika! Wahindi waliupata kutoka kwetu. Kanuni haziruhusu jina kufutwa kwa sababu tu linadanganya, kwa hiyo limebaki.

Kungumanga nayo ni hivyo hivyo. Myristica ni Kigiriki cha kunukia, fragrans ni Kilatini cha kunukia. Yenye kunukia yenye kunukia.

Chumbageni Huru

Samahani wakuu, naomba niwe mkaidi kidogo. Mnasifia tu. Haya majina ya watu mbona mnayaruka? Ua la Usambara limepewa jina la mkuu wa wilaya wa Kijerumani. Msambu, ambao mbegu zake bibi zetu walikamulia mafuta kabla Mjerumani hajafika, ni Allanblackia stuhlmannii, majina mawili ya Wazungu wawili na hakuna hata herufi moja inayosema mti ukoje. Hapo mzizi gani wa Kigiriki utanisaidia?

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Kaka, hapo sikupingi. Kwangu jina zuri ni lile linaloelezea mmea. Jina la mtu halikuelezi mti, linakueleza nani alikuwa na cheo siku hiyo. Lakini hata hilo ni habari, tulisome.

Mwisho wa -ii ni wa kumiliki, kama -a yetu: stuhlmannii ni "wa Stuhlmann". Huyu Franz Stuhlmann ndiye aliyeongoza taasisi ya kilimo ya Amani, kule milima ya Usambara, ilipoanzishwa mwaka 1902. Allan Black alikuwa mtunza mimea mikavu pale bustani ya mimea ya Kew, London. Na ule musizi uliopandwa Amani ukatoroka, hondohondo wanakula matunda na kusambaza mbegu msituni kote, ni Maesopsis eminii. Opsis mnaikumbuka kwenye mkandaa, mwonekano: unaofanana na Maesa, mmea mwingine. Eminii ni wa Emin Pasha, yule Mjerumani aliyedondoka kutoka roshani kwenye karamu Bagamoyo mwaka 1889. Mwaka uliofuata aliondoka tena kwenda bara, na Stuhlmann alikuwa kwenye msafara huo huo. Leo wamekutana tena kwenye msitu mmoja wa Amani, na mmoja wao ni gugu vamizi.

Ua la Usambara nalieleza vizuri kwa kuwa kisa chake kimebadilika. Baroni Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya hapa Tanga. Mwaka 1892 aliokota lile ua dogo, akapeleka kwa baba yake Ujerumani, likafika kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Jenasi ni ya baroni, lakini spishi ni Kigiriki safi: ion ni ua la urujuani, anthos ni ua. Lenye maua kama ya urujuani.

Mwaka 2015 wataalamu waliopima vinasaba walionyesha kwamba Saintpaulia imo ndani ya jenasi kubwa zaidi, Streptocarpus, iliyopewa jina mapema zaidi. Kanuni inasema jina la kwanza ndilo hubaki. Baroni akatoka. Leo ni Streptocarpus ionanthus, na Ticha ataona kwa nini ionantha imekuwa ionanthus.

Ticha wa Lushoto

Upatanisho. Saintpaulia ni ya kike, Streptocarpus ni ya kiume. Ua ni lile lile, mawe yenye unyevu ni yale yale, sifa imebadili mavazi.

Chumbageni Huru

Kwa hiyo mkoloni katolewa na vinasaba, si na sisi. Na Streptocarpus ni nini?

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Streptos ni iliyosokotwa, karpos tunda. Tunda lililosokotwa. Sasa cheka: tunda la ua letu la Usambara halikusokotwa. Jenasi ilipewa jina kwa ajili ya ndugu zake ambao matunda yao yamejipinda kama kamba, na letu likalazimika kuingia humo. Jina la maelezo nalo linaweza kudanganya, sitaki niwauzie mbuzi kwenye gunia.

Ajabu nyingine, Wajerumani wa kawaida hawajawahi kuliita la baroni. Kwa lugha yao, hadi leo, sokoni wanaliita Usambaraveilchen, urujuani wa Usambara. Na kwenye majina rasmi mahali petu papo pia: mwisho wa -ensis maana yake ni "wa mahali fulani". Mkulo ni Ocotea usambarensis. Mtambara ni Cephalosphaera usambarensis, kichwa cha mviringo wa Usambara, kwa jinsi vijiua vyake vilivyojikusanya. Ipo na amaniensis. Kaka, ukitaka kudai haki, dai -ensis ziongezwe.

Mama Wawili Ngamiani

Wanangu, mimi nauza mboga, nimesoma mpaka hapa nikasema na mimi nisipitwe. Mchicha una jina gani? Au umesahaulika kwa kuwa ni wa fungu?

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Shikamoo mama. Mchicha una jina la kifalme: Amaranthus. Kwa Kigiriki amarantos ni kisichonyauka. Hiyo h iliongezwa na watu waliodhani kuna anthos, ua, ndani yake, na ikabaki.

Mama Wawili Ngamiani

Marahaba. Lakini huyo Mgiriki aje Ngamiani saa sita mchana atazame meza yangu, halafu anirudie kuhusu hicho kisichonyauka.

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Hahaha mama, walisifia maua yake, siyo majani. Yakikauka rangi haipotei.

Mgagani je, si unao mezani? Cleome gynandra. Gyne ni mwanamke, andros ni mwanamume. Chukua ua moja, litazame kwa karibu. Kuna kijiti kimeinuka katikati, nyuzi za kiume zimechomoza ubavuni mwake, na juu yake kabisa kimekaa kile cha kike kinachokuja kuwa ganda la mbegu. Mume na mke kwenye kijiti kimoja. Mtu aliyeita hivi hakukaa ofisini.

Kijana wa Handeni

Mirungi ni Catha edulis, nimegugo sasa hivi. Edulis ni "wa kuliwa". Nikikamatwa nitamsomea afande Kilatini.

Nguvumali Mjini

Atakusomea na yeye, kwa Kiswahili, chenye miaka ndani yake.

Bi Iliki

Vijana asalaam aleikum. Nina shamba la viungo njia ya Amani. Naona mmeng'ang'ania Ugiriki, lakini viungo vilisafiri kwa jahazi muda mrefu kabla ya huyo Linnaeus. Pilipili manga mnasema Piper nigrum, nigrum ni nyeusi, sawa. Lakini hiyo piper na hii pilipili yetu masikio yangu yanasikia ndugu.

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Waaleikum salaam bibi, masikio yako yako sawa. Shina lake ni pippali la Kisanskriti huko Uhindi. Tawi moja likaenda kwa Wagiriki likawa peperi, kwa Warumi piper. Tawi jingine likapita kwa Waajemi na Waarabu likatua kwetu pilipili. Kwa hiyo hapo hatukukopa kwa Mrumi, tulikopa wote duka moja.

Mdalasini ni Cinnamomum verum. Verum ni wa kweli, maana kuna wa kuigiza. Cinnamomum Wagiriki wenyewe walikiri waliipata kwa Wafoinike. Iliki ndiyo Elettaria cardamomum: la pili ni Kigiriki, la kwanza ni jina la watu wa Malabar, pwani ya kusini ya Uhindi, likavalishwa mwisho wa Kilatini. Mwarobaini nao ni hivyo, Azadirachta ni Kiajemi cha mti huru, mti mtukufu. Na Coffea ni kahawa ya Kiarabu.

Kwa hiyo tuelewane: umbo lote ni la Kilatini, lakini damu ni ya mataifa.

Ticha wa Lushoto

Na makosa ya kalamu yamo. Mti wa kwinini uliolimwa Amani ni Cinchona, kwa heshima ya mke wa mtawala wa Chinchón, Hispania. Linnaeus akasahau h ya kwanza. Hadi leo haijarudishwa.

Chumbageni Huru

Kwa hiyo kosa likishachapwa linakuwa sheria milele? Na majina ya matusi je? Kusini mwa Afrika kuna miti inaitwa caffra, na kila mtu anajua hilo neno lilitumikaje kule.

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Hilo limeshaguswa. Neno lilianza na kafiri la Kiarabu, makaburu wakaligeuza tusi. Julai 2024, kwenye mkutano wa dunia wa wanabotania Madrid, walipiga kura caffra na jamaa zake ziwe affra, yaani wa Afrika. Ni zaidi ya majina 200. Herufi moja imetolewa, na maana imegeuka. Kwa watu ambao wamekataa kumrudishia mke wa mtawala h yake, hiyo ni hatua kubwa.

Na mlegezo mwingine: tangu Januari 2012 anayetangaza spishi mpya halazimiki kuandika maelezo kwa Kilatini, anaweza kutumia Kiingereza. Jina lenyewe tu ndilo lazima livae umbo la Kilatini. Kwa maoni yangu hawajafika. Mngeruhusu na Kiswahili.

Fundi Seremala Pongwe

Wakuu nimefuatilia toka mwanzo. Mimi kuyasema tu ndiyo shida. Unatamkaje Encephalartos bila kung'ata ulimi?

Ticha wa Lushoto

Fundi, una bahati kuliko Mwingereza. Irabu za Kilatini ni a, e, i, o, u kama zetu, na kila moja inasikika. Soma silabi kwa silabi. Ph ni f. Ch ni k, kwa hiyo Azadirachta ni a-za-di-rak-ta. X ni ks, lakini ikianza neno wengi husema z. Y isome i. En-ke-fa-lar-tos, wengine en-se-fa-lar-tos, na zote utaeleweka, maana wenye lugha hawapo wa kukusahihisha. Sy-zy-gi-um ndiyo inasumbua kidogo. Syzygos ni waliofungwa nira pamoja, kwa majani yake yanavyokaa mawili mawili.

Fundi Seremala Pongwe

Asante ticha. Basi nijaribu na wa kwangu, msinicheke. Mpingo nimeona ni Dalbergia melanoxylon. Xylon mlisema ni mbao, kwenye mkomafi. Melan nadhani ni ile ya melanini ya ngozi, weusi. Mbao nyeusi?

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Hapo hapo fundi. Dalbergia ni jina la ukoo wa Kisweden tu, usilihangaikie.

Fundi Seremala Pongwe

Ila waongeze na neno la ugumu. Juzi umenivunjia meno mawili ya msumeno.

Kijana wa Handeni

Wapo wenye mvinje huku? Nimeona Casuarina equisetifolia na nimekwama.

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Huo umebeba zizi zima. Casuarina ni kutoka kwa kasuari, ndege mkubwa wa huko Indonesia na Papua asiyeruka, kwa vile vijitawi vinafanana na manyoya yake. Equus ni farasi, saeta ni unywele mgumu, folium ni jani. Mwenye majani kama singa za farasi. Ukiwa Raskazone chuma kimoja, kivute taratibu, kitakatika kwenye vifundo. Kwenye kila kifundo kuna duara la vimeno vidogo sana. Hayo ndiyo majani yenyewe, hiyo kijani yote uliyoshika ni tawi.